WD-40 kwa gari iliyogoma kuwaka baada ya kuoshwa injini: inasaidia, ila sio kwa kila injini

Kila mtu anaisifia WD-40, ile spray ya kopo, kwamba gari ikioshwa injini ikagoma kuwaka wewe puliza tu, sasa mi nimeitumia kwa shida hiyohiyo na sifa zingine zimezidi. Vijana waliopewa gari waoshe walifungua boneti wakapiga mashine ya presha juu ya injini ikiwa bado ya moto, hawajafunika kitu, matokeo yake stata inazungusha vizuri ila haishiki, ikaja kushika inamisi (silinda moja haichomi mafuta vizuri), gari zima linatetemeka na taa ya chek injini inawaka na kuzima.

Spray yenyewe ni nzuri, ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu kwenye makombora, kwahiyo hapo haidanganyi mtu. Ule mrija wake mwembamba unafika kwenye soketi za waya ambazo kidole hakipiti. Na kwa gari za zamani zenye distributa (kile kinachogawa umeme kwa kila plagi) na waya ndefu za plagi naipa alama zote, fungua kifuniko, futa na kitambaa, puliza kidogo, acha ikauke basi.

Sasa injini zenye koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa kuruka cheche) juu ya kila plagi hizo ni habari nyingine kabisa. Nilivyochomoa koili ya pili nikakuta maji yamesimama kwenye tundu, ukimulika tochi yanang'aa, plagi imezama na koili imetoka na mpira unachuruzika. Maji yakikaa hapo umeme unatorokea pembeni kwenye chuma badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi, ukipulizia spray juu yake unakoroga supu tu. Kilichofanya kazi ni upepo wa kompresa (vaa miwani, yanarukia usoni), kama huna nyonya kwa bomba la sindano, na plagi usiifungue kabla tundu halijakauka maana maji yatadondokea kwenye silinda. Mpira wa koili futa vizuri, ukiona umechanika hapo ni kubadilisha.

Kitu ambacho wengi hawasemi, hii spray inashika moto, ukishapuliza acha iyeyuke kabisa ndo upige stata. Sensa ya hewa usiiguse nayo, inaacha mafuta. Na usikomae na stata wala kuendesha gari inamisi ukidhani itakauka njiani, petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye masega (kile kisafisha moshi kwenye ekzosi) na masega sio bei ya kopo la spray.

Nyota tano kwa distributa, tatu kwa koili. Ukikausha kila kitu na bado inamisi usinunue kopo lingine, mwambie fundi umeme apime na mashine, ikisoma kodi ya hitilafu P0302 ni silinda ya pili inayomisi, hamishia koili yake silinda nyingine, misi ikihama nayo basi koili imekufa.