Adapta ya gari la umeme: ulizia kufuli kwanza

Adapta yangu ya kwanza iliniaibisha mbele ya foleni ya magari. Muuzaji aliandika "inafaa kila chaja". Nikaichomeka kwenye Supercharger, chaja ya haraka ya Tesla: kimya. Kumbe ilikuwa ya AC, umeme kama wa ukutani: ya kutoka NACS (plagi ya Tesla) kwenda J1772 (tundu la AC la magari mengine), ya chaja za polepole za nyumbani na hotelini. Supercharger hutoa DC, umeme wa kuchaji haraka, na gari langu, lisilo Tesla, lilihitaji adapta ya NACS kwenda CCS, tundu la DC la magari mengine. Nilipolalamika nikaambiwa maelezo yalikuwa wazi. Wazi kwa nani?

Tangu Tesla ifungulie wengine plagi yake mwaka 2022, na Ford na GM waikubali mwaka uliofuata, matangazo ya adapta yamejaa ampea na volti. Mimi nauliza jambo moja: kishikio cha chaja kinafungwa na nini? Plagi ya NACS haina ndoano; gari ndilo huikamata kwa pini. Ukiweka adapta katikati, gari linaikamata adapta, kishikio kinabaki huru. Mtu akikivuta DC ikiwa inapita, cheche zake si za kuchezea. Kwa hiyo adapta yenyewe lazima iwe na kufuli. Tafuta alama ya UL 2252, kiwango cha usalama cha adapta hizi.

Nafasi ya kwanza naipa adapta ya kampuni iliyounda gari lako, maana tundu likiungua hakuna wa kurushiana lawama. Nazo huharibika: Oktoba 2024 Ford iliwaomba wateja waache kutumia baadhi ya adapta zake, ikazibadilisha. Angalau iliwatafuta. Muuzaji wangu hata simu hapokei.

Ya pili ni A2Z Typhoon Pro, na sifichi kwamba naipendelea. Lectron Vortex inafuata. Zote zinatajwa kuhimili ampea 500 na volti 1000, ila usipumbazwe: Supercharger za V3 (kizazi cha tatu) hazivuki volti 500, hivyo gari la volti 800 kama Ioniq 5 ya Hyundai hujaa polepole zaidi hapo kuliko kwenye chaja ya CCS ya kilowati 350. Za V2, kizazi cha pili, hazichaji gari lisilo Tesla, uwe na adapta ipi.

Za bei ya kutupa, zisizo na jina: pita.

Na ukishanunua adapta bado hujamaliza kulipa. Tesla huwatoza wenye magari mengine zaidi kwa kila kilowati-saa, mpaka walipie uanachama wa mwezi.