"Ni mtandao wenu huo wa Tanga": uzoefu wangu na mafundi wa seva

Kama una seva mbili za saraka, yaani zinazotunza majina na paswedi za watumiaji, na unataka zinakiliane, usiwaite hawa jamaa. Nimeanza na hukumu kwa sababu lile neno alilonijibu fundi wao bado linanichoma.

Natunza kompyuta za chuo kimoja kidogo hapa Tanga. Seva kuu iko Chumbageni, ya pili iko Muheza, zote zinatumia OpenLDAP, programu ya kuendesha saraka hiyo. Nia yetu ilikuwa mwanafunzi asajiliwe mara moja tu Chumbageni, na akifika Muheza aingie kwa paswedi ile ile hata siku laini imekatika. Tukalipa kampuni kutoka Dar. Fundi akaja na basi la asubuhi, akafunga, akanionyesha majina yanavyoshuka Muheza, na kabla ya alasiri alishaondoka. Watu husema Tanga waja leo waondoka leo, lakini kazi ya seva si ya kuondoka leo.

Muhula ulipofunguliwa, Muheza kukawa na foleni mlangoni mwa maabara. Wengine majina yao hayapo kabisa. Wengine majina yapo lakini paswedi inakataliwa. Nikampigia fundi, simu ikiwa kwenye spika, mkuu wa chuo amekaa pembeni yangu. Akasema: "Dada, seva zetu ziko sawa. Ni mtandao wenu huo wa Tanga, kamuulizeni anayewauzia bando." Akakata. Hakuuliza hata logi, yale seva inayojiandikia yenyewe, inasema nini.

Nikakaa nazo mwenyewe. Nilipohesabu maingizo ya Muheza, yaani rekodi zilizomo kwenye saraka, nikapata 500. Nikafuta kila kitu, nikaiacha ivute upya, ikaishia 500. Kesho yake tena 500. Jamani, mtandao mbovu unakatika popote. Hauwezi kuchagua kusimama penye 500 kila mara! Huo ndio ukomo ambao OpenLDAP huja nao: anayeuliza hapewi zaidi ya maingizo 500 mpaka umruhusu. Akaunti ya kunakilia, ile ambayo seva ya Muheza inaitumia kuvuta nakala kutoka Chumbageni, haikuwa imeondolewa ukomo huo, na logi ya Muheza ilikuwa inaandika kosa namba 4, la kuvuka ukomo, tangu siku ya kwanza. Hata ile contextCSN, alama ya kuonyesha nakala imefikia wapi, upande wa Muheza haikuwepo, maana uvutaji wa kwanza haukuwahi kukamilika. Kuziangalia pande zote mbili ni kazi ya dakika moja. Aliyefunga hakuangalia.

Nikaondoa ukomo, majina yote yakashuka. Paswedi bado zikawa zinagoma, kosa namba 49, la jina au paswedi kutokubalika. Hapo nilikwama kweli, na hapa ndipo lazima niseme haki. Nilipiga tena ofisini kwao, akapokea binti mmoja. Akanisalimia vizuri, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nimsomee mistari ya ruhusa kwenye seva kuu. Akasema, "Dada yangu, akaunti yenu ya kunakilia hairuhusiwi kusoma userPassword. Majina inapewa, paswedi inafichwa." Akanielekeza niiongezee ruhusa, kisha nifute kanzidata ya Muheza ivute upya, kwa sababu maingizo yaliyokwisha kufika hayatumwi tena mpaka yabadilike. Hilo la mwisho nisingelijua, ningekesha bure. Tulikuwa pamoja kwenye simu hadi adhana ya Isha. Wanafunzi wakaingia.

Kwa hiyo labda nilikuwa mkali pale juu. Programu yenyewe haina kosa, naipenda, ilikuwa inasema ukweli kwenye logi muda wote. Na kampuni yenye mtu kama yule binti huwezi kuitupa yote. Mkiwaita, ombeni yeye, na fundi asiondoke kabla hamjahesabu maingizo pande zote mbili na kujaribu paswedi ya mwanafunzi halisi.

Nilikuwa nimeishia hapo, nimeshapoa. Juzi ikaja ankara yao nyingine. Wametudai "marekebisho ya mtandao, Tanga". Mtandao! Haukuguswa hata waya mmoja. Narudi kwenye neno langu la kwanza, msiwaite. Ankara iko mezani kwangu na sijaisaini.