Miezi minane ya kutafuta mtama na mlenda migahawani

Bibi yangu wa Kongwa alipofariki, nilikaa pale msibani nikagundua kwamba sijala ugali wa uwele kwa karibu miaka kumi. Hata siku ile tulipikiwa wali na maharage. Nikaamua kurudi kwenye chakula alichotulea nacho: mtama, uwele, mlenda, mbuzi, maziwa ya mgando. Nyumbani si tatizo. Shida ni kwamba nasambaza vipuri vya pikipiki kati ya Morogoro, Dodoma na Singida, kwa hiyo mchana nakula nje siku tano za wiki.

Sitafuti chakula cha enzi na enzi. Mahindi, muhogo, karanga na nyanya asili yake ni Amerika, vilifika huku baada ya Wareno kuijua pwani yetu, na bibi alivila vyote. Kipimo changu ni sahani yake yeye: unga usiokobolewa, mboga za majani, mafuta kidogo sana, chai bila sukari.

Nilianzia kwenye mgahawa mmoja mkubwa wa barabarani wenye ubao wa "vyakula vya asili" mlangoni. Niliagiza ugali wa mtama. Nikaletewa sembe iliyotiwa ulezi kidogo ipate rangi. Aliyekulia mtama hadanganyiki: ule hauvutiki kama wa mahindi, unakatika mkononi, na una kaukakasi fulani mwishoni. Mlenda nao ulikuwa bamia, mafuta yanaelea juu. Mhudumu aliniambia wateja ndivyo wanavyopenda. Nililipa shilingi 12,000 nikaondoka na njaa, na kilichoniuma zaidi ya hela ni kuona neno "asili" limebandikwa kwenye kitu ambacho bibi asingekitambua.

Nyama choma ni rahisi kuliko nilivyotarajia, ila uwahi kusema. Mishkaki naiacha, maana mara nyingi imelala kwenye viungo vya pakiti tangu asubuhi. Naenda moja kwa moja kwa mchomaji, si kwa mhudumu, nachagua nusu kilo ya mbuzi, namwambia chumvi na limau tu, na asipake mafuta. Sijakataliwa hata mara moja. Asubuhi nakunywa supu ya mbuzi bila chapati. Chai ya maziwa huja imeshatiwa sukari, kwa hiyo nimehamia kwenye maziwa ya mgando, naomba sukari ikae pembeni.

Lakini nyota zangu zote nampa mama lishe mmoja jirani na Soko la Majengo, Dodoma. Mabenchi mawili, mafiga matatu, turubai juu. Mara ya kwanza nilimsalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akageuka akacheka. Nikamuuliza kama anapika uwele.

"Baba, huo napika kwangu. Hapa nani atanunua?"

"Mimi, mama. Nikikuletea unga utanisongea?"

Akaniangalia kidogo, akasema nilete kesho. Nikaleta kilo mbili. Alisonga mbele yangu, na mlenda aliutoa kwenye mfuko wake mwenyewe: majani yaliyokaushwa na kutwangwa, ya kijijini kwao, akatia magadi kidogo, nyanya moja, basi. Hakuna tone la mafuta. Tonge la kwanza lilinishinda kumeza kwa sababu koo lilijaa. Nililipa 2,500.

Wiki iliyofuata madereva wawili wa bajaji walioniona nikila wakaagiza na wao. Sasa anapika uwele kila Jumanne na Ijumaa, unga ananunua mwenyewe. Hilo limenifurahisha kuliko chakula chenyewe, maana hapa Dodoma mtama na uwele ndivyo vinavyostahili kuwa mezani kila siku. Kongwa hiyohiyo ya bibi, Waingereza walileta matrekta mwaka 1947 walime karanga kwa maelfu ya ekari. Kufikia 1951 mradi ulishakufa, ukame na udongo mgumu vimeushinda. Mtama wa wenyeji ulikuwepo kabla ya matrekta, na bado upo. Halafu mgeni akifika mjini anakuta chipsi kila kona.

Kasoro zipo. Maji ya kunawa huwa machache, na ukiwa na suti utatoka unanuka moshi. Ukienda siku isiyo ya uwele utapata dona, ambayo mimi naila bila kinyongo, pamoja na kisamvu au matembele. Mwambie tu mapema akutengee mboga kabla hajaiunga kwa mafuta.

Nenda kabla ya saa saba mchana. Mlenda unaisha haraka, na wa kuongeza hakuna, kwa sababu anaoubeba kutoka nyumbani ni wa sufuria moja tu.