Protobuf na gRPC: aina za data ziko vizuri, ila NIDA, hela na saa ziangalie mara mbili

Mwenye haraka asome hapa tu: Protobuf naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyokata haihusu spidi wala saizi, inahusu jinsi aina zake za data zinavyokufanya ujione umemaliza kazi wakati hata hujaanza kufikiria.

Kwa ambao hawaijui, Protobuf ni njia ya Google ya kupanga data na kuifunga iwe ndogo ili programu zitumiane, walikitumia wenyewe kwanza afu 2008 wakakiachia bure, na gRPC ikaja 2015 kama njia ya programu moja kuita fankisheni iliyoko kwenye seva nyingine kana kwamba iko humohumo ndani, na kwa kawaida kinachosafiri humo ni meseji za Protobuf. Unaandika faili la .proto, unataja meseji ina fildi gani, kila fildi ni aina gani na namba yake ni ngapi, kompaila inakutolea klasi za Kotlin, Go, Python, Dart, mnachotumia. Sisi hapa Kijitonyama tuna apu ya Android ya madereva wa boda wanaopeleka mizigo, bekiendi ni Go na pembeni kuna Python kidogo. Zamani ilikuwa JSON (data inayotumwa kama maandishi) kila kona, yaani huyu anatuma bei kama namba, yule anatuma maandishi yenye koma "5,000", mwingine kaweka na TSh mbele, basi ni kubishana kwenye grupu la WhatsApp mpaka usiku. Huo ugomvi umeisha aisee. Ukisema int64 (namba nzima ya biti 64) ni int64, ukileta maandishi haikompaili, nenda karekebishe.

Kwenye bando pia wametusaidia. Jina la fildi halisafiri kwenye mtandao, inasafiri namba yake tu, na fildi namba 1 mpaka 15 lebo yake ni baiti moja, kuanzia 16 zinakuwa mbili, so vitu vinavyotumwa kila baada ya sekunde chache kama lokesheni ya dereva viwekeni huko mwanzoni. Ila kuna mtego hapa unaotuhusu sisi moja kwa moja: int32 (namba nzima ya biti 32) ikiwa hasi inakula baiti kumi. Kumi! Na Dar tuko kusini ya ikweta, latitudo yetu ni kama -6.8, kwa hiyo ukiizidisha mara milioni kumi uitume kama namba nzima, kila lokesheni ya kila dereva inabeba mzigo wa bure. Weka sint32, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya namba hasi, namba ileile inashuka mpaka baiti nne. Jamaa wa Kampala wako juu ya ikweta kidogo, hawawezi hata kujua tunalalamika nini.

Sasa NIDA, namba ya kitambulisho cha taifa. Kuna dogo yuko kwetu kwa mafunzo ya vitendo, yuko makini sana, nilimpa kazi ya usajili wa madereva upande wa Python, akaja.

"Kaka samahani, hii namba ya NIDA mbona inagoma?"

"Inasemaje?"

"Inasema thamani imezidi. Na nimeweka uint64 kaka, ile kubwa kuliko zote."

Kweli kwa namba nzima ndo kubwa kuliko zote, haina hasi, inaishia 18,446,744,073,709,551,615. Hesabu tarakimu hapo, ni ishirini, na NIDA nayo ni tarakimu ishirini, ila NIDA inaanza na mwaka wa kuzaliwa, so ukishaanza na 19 au 20 umeshapita. Ingekubali kwa dereva aliyezaliwa 1844 kurudi nyuma, tulicheka sana hiyo siku. Jibu ni string, na si kwa sababu ya ukubwa tu, nani anajumlisha NIDA mbili? Namba za simu hivyohivyo, ukiiweka 07 kama namba nzima ile sifuri ya mbele imekwenda. Protobuf haiwezi kukwambia haya, yenyewe inajua kusafirisha baiti, haijui unasafirisha kitambulisho cha mtu.

Kitu kinachoniudhi zaidi ni sifuri. Kwenye proto3, toleo la lugha ya .proto tunalotumia, fildi ya namba ambayo haijajazwa na fildi iliyojazwa 0 ni kitu kimoja kwa anayepokea. Nauli 0 kwa sababu ya promosheni, au nauli haijapangwa bado? Huwezi kujua, mpaka uweke optional mbele, ambayo waliirudisha rasmi kwenye Protobuf 3.15 mwaka 2021 baada ya watu kulia sana. Kwa enum (fildi ya kuchagua kutoka orodha uliyoipanga) ndo hatari kabisa maana thamani ya kwanza lazima iwe 0, sasa mtu akiandika IMELIPWA = 0, basi kila oda iliyokuja bila hali yake inasomeka imelipwa. Fikiria hiyo ripoti inafika kwa bosi. Ya kwanza siku zote iwe HAIJULIKANI, hata kama unaona haina kazi.

Hela haina aina yake ndani ya lugha yenyewe. Ukikimbilia double (namba ya desimali) utakutana na 0.1 kujumlisha 0.2 inayozaa 0.30000000000000004, kwa hiyo sisi ni int64 ya shilingi nzima, senti nani anazitumia mjini hapa. Ukiwa na wateja wa dola kuna google.type.Money, iko kwenye mafaili ya pembeni, inagawa kiasi kizima na vipande vyake. Na watu wa dashibodi wajiandae, int64 ikigeuzwa JSON inakuja kama maandishi, kwa sababu JavaScript ikipita 9,007,199,254,740,991 inaanza kubahatisha, so "100" na "200" zikijumlishwa kizembe unapata 100200.

Saa iko fresh, aina ya Timestamp ni sekunde toka 1970 kwa UTC (saa ya dunia, sisi tuko mbele yake masaa matatu), haina utata. Ila ripoti ya siku lazima muongeze masaa matatu kabla ya kukata tarehe, la sivyo oda ya tarehe 1 saa saba usiku inaingia kwenye mahesabu ya mwezi uliopita na mhasibu anaanza kuwatafuta.

Matoleo ya zamani inayavumilia vizuri mno, na huku kwetu ni muhimu maana madereva hawaapdeti apu, wanatunza bando. Fildi mpya apu ya zamani inaipita tu. Sharti ni moja: ukishaifuta fildi namba yake usiipe fildi nyingine, andika reserved (yaani imezuiwa), maana ni kama kiwanja cha Goba kuuziwa watu wawili, kesi lazima.

Mengine madogomadogo, gRPC inakataa meseji inayozidi megabaiti 4 mpaka ubadilishe mpangilio, kwa hiyo picha za leseni tunazipandisha kwa njia nyingine, na ukitaka kuchungulia seva inajibu nini usitegemee kusoma baiti kwa macho, tafuta grpcurl, zana ya kuiita seva ya gRPC na kuona majibu kwa maandishi.

Kama mko wawili, mnatengeneza tovuti tu, baki na JSON, brauza hazizungumzi gRPC moja kwa moja, itabidi muweke proksi (seva ya kutafsiri) katikati na hiyo ni kazi nyingine. Ila mkiwa na apu kwenye simu za watu na lugha mbili tatu kwenye seva, chukua hii, afu hilo faili la .proto akae mtu mzima alisome fildi moja moja kabla halijaenda hewani.