Mrija mzuri, oringi za hovyo: uzoefu wangu na kifaa cha kutengeneza emulsheni

Mtu aliyechagua oringi, yaani pete za kuzuia uvujaji, za kifaa hiki cha kutengeneza emulsheni (matone ya kimiminika kimoja ndani ya kingine) hakujiuliza hata mara moja kitapitishiwa nini. Mrija wenyewe ni kioo cha Shirasu, kile cha majivu ya volkano ya kusini mwa Japani, na vitundu vyake vinalingana ajabu. Halafu mrija huo ukafungwa ncha zote mbili kwa mpira wa naitraili, ilhali kwenye oda niliandika wazi kwamba kiyeyushi changu ni daiklorometheni.

Kazi ni hii. Polima, aina ya plastiki, inayeyushwa kwenye daiklorometheni kwa asilimia 10, inasukumwa taratibu kwa presha ya naitrojeni ipite kwenye vitundu, na upande wa pili maji yenye polivinaili alkoholi asilimia 1, ya kuzuia matone yasiungane, yanapita yakiyabandua matone. Kiyeyushi kikivukizwa, kila tone linabaki chembe ngumu. Vitundu vya maikromita 10 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) hutoa matone ya takriban 30, nayo yakikauka hubaki chembe za kama 13. Mwanzoni nilipata hivyo hasa. Chini ya hadubini matone yalikuwa ya ukubwa mmoja, yamejipanga safu kwa safu hadi ukingoni mwa kioo. Siku hiyo ningekipa nyota zote.

Nikakiosha, nikakikausha, nikakirudia. Safari hii katikati ya matone mazuri kulikuwa na madude ya maikromita 200. Asiyeifahamu kazi hii ataona ni machache tu, hayana neno. Lakini tone moja la 200 limebeba ujazo wa matone karibu 300 ya 30. Ukilichuja, umetupa polima yako. Ukiliacha, linakuwa chembe ya maikromita 85 inayokwenda kuziba sindano ya kudungia chembe hizi.

Nikawapigia walioniuzia. Fundi wao hakunisikiliza hata sentensi mbili: "Wewe ongeza presha, na hayo maji yakimbize zaidi, itakaa sawa." Ndugu yangu, presha ikizidi, tone halipati nafasi ya kujikata mdomoni mwa kitundu. Linatoka kama uzi unaokatika ovyo, na tofauti za ukubwa zinaongezeka. Nikamtumia picha. Akajibu kwamba hawajawahi kupata lalamiko kama hilo, wao hujaribu kila kifaa kwa mafuta ya mimea na matone hutoka vizuri. Basi hapo alikuwa amenijibu bila kujua! Naitraili na mafuta ya mimea hazigombani kabisa. Ndani ya daiklorometheni mpira huo unavimba na kulainika, unasukumwa nje ya mfereji wake na kukatwa na ukingo wa chuma. Ukikauka, unasinyaa kuliko ulivyokuwa mwanzo na kuwa mgumu, maana vilainishi vyake vimeyeyuka na kuondoka. Ndiyo maana mara ya kwanza mambo yalikuwa safi na mara ya pili yakaharibika. Polima ilikuwa inapita pembeni ya oringi, kwenye upenyo mpana kuliko kitundu chochote.

Kwa yeyote mwenye tatizo kama hili, kipimo chake ni rahisi, nao hawakunitajia. Loweka mrija kwenye maji safi yasiyo na safaktanti (kemikali za aina ya sabuni) yoyote, ufunge kwenye vifuniko vyake viwili bila ganda la nje, uzamishe majini, kisha ingiza hewa ndani ukipandisha presha kilopaskali moja moja. Kwa vitundu vya maikromita 10, hewa haina budi kusubiri mpaka karibu kilopaskali 29 ndipo itokeze kwenye kioo. Kwangu mapovu yalianza kwenye kilopaskali 4, yote nchani, pembeni ya oringi, na kioo kizima kikiwa kimya. Nilipokirudia kipimo hicho hicho na oringi zilizovikwa tefloni, mapovu ya kwanza yalitoka katikati ya mrija, pale yanapopaswa. Matone yakarudi kuwa 30.

Mwongozo wao nao una aibu yake. Unashauri kuosha kwa magadi makali. Kioo hiki ni silika, na magadi makali yanakila, vitundu vinapanuka kidogo kidogo. Mimi naosha kwa daiklorometheni safi kabla polima haijakaukia ndani, kisha ethanoli, kisha maji. Ikishakaukia, vua oringi zote na uchome mrija peke yake tanurini kwa nyuzi 500 hivi, ukipandisha na kushusha joto polepole usije ukapasuka. Na kabla ya kazi, uloweke kwenye maji ya polivinaili alkoholi ndani ya bafu ya altrasoniki mpaka mapovu yaishe. Polima ikitangulia kuingia kwenye kitundu kikavu, inatandaa juu ya kioo badala ya kutoa tone. Safaktanti zenye chaji chanya usiziguse kabisa, zinanasa kwenye kioo na kukifanya kipende mafuta.

Nilikuwa nimeshaamua kuandika "msinunue". Lakini nikitazama chembe zinazotoka sasa, siwezi. Mashine ya kukoroga kwa nguvu haijawahi kunipa ulinganifu huu, hata nikichuja mara ngapi. Mrija nitaununua tena. Kishikizo chao cha kufungia mrija, hapana, na yule fundi wa "ongeza presha" sitaki tena kusikia sauti yake. Ukiwa unatumia mafuta tu, chukua seti nzima, oringi zake zitakufaa. Ukiwa unatumia daiklorometheni au ethili asetati, pima mfereji wa oringi kwa kalipa siku kifaa kinapofika na uagize za tefloni kabla hujawasha chochote. Nimewaandikia waweke jozi moja ndani ya boksi. Mpaka leo hawajajibu.