Pati za Nyama Katika Duka la Barabara ya Eglinton, Toronto

Duka ninalolizungumzia ni dogo, halina meza wala viti, na lipo Eglinton upande wa magharibi, katika kitongoji cha Toronto kinachojulikana kama Little Jamaica. Pati yake ya nyama, yaani kitafunio cha Kijamaika cha unga uliofungwa juu ya nyama kisha ukaokwa, inazidi zote nilizokula katika jiji hili, na sababu kubwa ni ganda. Ganda hilo la rangi ya manjano hupasuka kwa matabaka membamba mara linapoumwa, lakini haligeuki makapi, kwa kuwa mwokaji hakuyafanyia mafuta uchoyo. Ndani, nyama ya kusaga imeiva hadi ikashikana na mchuzi mzito, na ukali wa pilipili, ambayo ni jamaa ya pilipili mbuzi yetu, huja taratibu baada ya harufu ya thaimu na majani ya vitunguu. Bizari iliyomo ilifika Jamaika na vibarua wa Kihindi walioanza kupelekwa huko mwaka 1845, kwa hiyo aliyelelewa kwa sambusa hatajiona mgeni hapa.

Wateja wengi huichomeka pati katikati ya mkate laini uliokunjwa, ambao Wajamaika huuita coco bread. Nami nashauri hivyo kwa mwenye njaa ya kweli. Pati ya mboga sikuipenda, kwani kabichi ilitoa maji na kulilowesha ganda.

Kibao cha dukani kinasema “Jamaican patty”, na neno hilo la kwanza lilipiganiwa. Mwaka 1985 maofisa wa serikali ya Kanada waliwataka waokaji wa Toronto waache jina la “beef patty”, kwa hoja kwamba kisheria lilihusu nyama iliyotiwa viungo tu, isiyofungwa katika unga. Waokaji walikataa, na mwafaka ukawa kutanguliza jina la nchi yao. Mwaka 2012 jiji liliitangaza Februari 23 kuwa Siku ya Pati.

Ujenzi wa reli ulioanza mwaka 2011 uliifukua barabara hii kwa zaidi ya miaka kumi, na maduka kadhaa ya Wajamaika yakafungwa. Ndiyo maana nawasihi wanaonunua pati katika vituo vya treni wafike huku zinakookwa. Waje kabla ya saa sita mchana, kwa maana zinazobaki baadaye hukaa mno katika kabati la joto, na ganda hukauka.