Tiba ya Mazungumzo kwa Hofu ya Kijamii: Vikao Navisifu, Foleni Naililia

Nimetibiwa hofu ya kijamii, ile inayomfanya mtu ashindwe hata kutoa mkono wa pole msibani kwa kuhisi macho yote yako kwake, katika huduma ya umma ya tiba ya mazungumzo ya mji ninaoishi hapa Uingereza. Kujiandikisha ni rahisi, kwani hakuhitaji barua ya daktari, na baada ya wiki 3 nilipigiwa simu ya tathmini. Kisha kimya. Kikao cha pili, simu ile ikihesabiwa kuwa cha kwanza, nilikipata baada ya miezi 7.

Lengo la kitaifa ni kwamba asilimia 75 ya wagonjwa waanze tiba ndani ya wiki 6, na asilimia 95 ndani ya wiki 18. Hesabu hiyo hukomea kwenye miadi ya kwanza, na simu kama ile yangu, ikishakuwa na ushauri kidogo, huweza kuingizwa humo. Inaniuma, kwa sababu mwenye ugonjwa huu ndiye asiyethubutu kupiga simu kuulizia zamu yake.

Nikiwa bado nasubiri niliitiwa tiba ya kikundi, ambayo ingeanza mapema. Niliikataa na sijuti: mwongozo wa mwaka 2013 wa NICE, taasisi ya kitaifa inayotoa miongozo ya matibabu, unatanguliza tiba ya utambuzi na tabia (mazungumzo na mazoezi ya kubadili fikra na mienendo) ya mtu mmoja mmoja, na hautaki kikundi kichukue nafasi yake kwa mazoea. Kwa asiyeitaka tiba hiyo na akapendelea dawa, inayotajwa kwanza ni esitalopramu au setralini. Daktari aliniandikia setralini. Wiki 2 za mwanzo zilikuwa za kichefuchefu na kukosa usingizi, nafuu ikaja polepole, na nilionywa nisiiache ghafla.

Vikao vya dakika 90 vilipoanza, nilipata tiba hasa. Mtaalamu alinirekodi kwa video nikinywa chai na kuzungumza na mgeni, kisha, kabla hatujaitazama, akanitaka nionyeshe jinsi mkono ulivyotetemeka. Niliuonyesha ukirukaruka juu ya meza. Kwenye video kikombe kilikuwa kimetulia kabisa. Wiki iliyofuata tulikwenda dukani nikadondosha sarafu makusudi kwenye foleni ya malipo. Bibi mmoja aliinama kunisaidia kuokota, wengine hata hawakugeuka.

Anayejiandikisha leo aulize kwenye simu ya tathmini atapewa tiba ya aina gani na kikao cha pili ni lini, na majibu ayaombe kwa maandishi.